Mgonjwa Anaendeleaje?

Ukitoka Tanga mjini, lami inakupitisha Muheza na Hale hadi Segera. Pale njia inagawanyika: kulia ni Korogwe na Moshi, kushoto ni Chalinze na Dar es Salaam. Nilisomea ualimu Korogwe, kwa hiyo mkono wa kulia niliujua kama njia ya kisimani. Mkono wa kushoto sikuwahi kuukata mpaka asubuhi moja ya likizo ya Juni, mwaka 2013. Nilikuwa na miaka 27. Nilikaa kiti cha dirishani, na ubavuni mwangu alikaa mdogo wangu, amejikunyata ndani ya koti zito, anatetemeka kwa baridi ambayo hakuna abiria mwingine aliyeihisi.

Tulikuwa tumepatana kwamba safarini hatatumia unga, yaani heroini. Kete ya mwisho aliitumia usiku, saa 5, na basi liliondoka saa 12 asubuhi. Muheza, wauza machungwa walipolizonga basi, nilinunua mfuko mmoja, nikammenyea chungwa. Alilishika tu mkononi. Akaanza kupiga miayo, mmoja haujaisha mwingine unaanza, kama mtu aliyekesha wiki nzima. Machozi yakamtiririka bila kulia. Kamasi zikamshuka kama mtoto mwenye mafua. Tulipokata kona ya Segera, malaika walikuwa wamemsimama mikononi, tumbo linamkata, na mguu wake wa kulia unarusha mateke wenyewe chini ya kiti cha mbele. Mama aliyekaa kiti hicho aligeuka, akamtazama, kisha akautoa mkoba wake sakafuni na kuupakata.

Hiyo ndiyo wenyewe wanaiita arosto. Neno hilo nilikuwa nikilisikia kwa miaka 8. Sikuwahi kukaa nalo kiti kimoja.

Kabla ya daraja la Wami kondakta alisimamisha basi watu wachimbe dawa. Mdogo wangu aliteremka wa kwanza, akapotelea vichakani. Abiria wakarudi mmoja mmoja. Dereva akapiga honi mara ya kwanza, akapiga mara ya pili. Alipotokea alikuwa mtu mwingine: anatembea taratibu, uso umekauka, mguu umetulia. Alikaa, akalichukua lile chungwa nililommenyea tangu Muheza, akalila lote.

Nililia kwa hasira. Nikamwambia, “Yaani hata hizi saa chache tu umeshindwa kuvumilia?”

Hakujitetea. Alisema kwa sauti ya chini, “Dada, usidhani nimefanya kwa raha. Raha iliisha zamani. Nimepata nafuu tu.”

Neno hilo, nafuu, lilinikaa. Kwetu nafuu ni neno la wagonjwa. Mtu akiumwa, jirani anauliza, “Mgonjwa anaendeleaje?” nasi tunajibu, “Ana nafuu.” Sikuwahi kulisikia likitoka kinywani mwa teja, kwa sababu sikuwahi kumchukulia teja kuwa mgonjwa. Nilimpandisha basi lile kama mtu anayepeleka mzigo kwa fundi: nimfikishe, watengeneze, nirudi naye mzima kabla shule hazijafunguliwa.

Nyumbani tulikuwa tumeshajaribu kila kilichosemwa na kila aliyesema. Tulimsomea kisomo. Tulimpeleka kwa mganga aliyetuambia kuna mkono wa mtu. Mjomba alimfungia chumbani siku 9, mlango umetiwa komeo kwa nje, na mama anakaa kwenye korido analia kila akimsikia anatapika. Alipotoka alikuwa hana arosto, amekonda lakini macho yamerudi, tukachinja kuku. Mwezi haukufika akawa amerudi maskani, kijiweni kwa watumiaji wenzake. Tukampeleka Handeni kwa shangazi, akalime. Alikaa miezi 5, akanenepa, akatuma hadi gunia la mahindi. Wiki ileile aliyorudi Tanga, alirudia unga. Tukasema huyu hana nia, hana aibu, hamwogopi Mungu.

Kitu kilichomuumiza mama kuliko vyote ni kikaango cha vitumbua. Kilikuwa cha chuma kizito chenye matundu 7, alichopewa na bibi yetu, na mama alitusomesha kwa kikaango hicho. Asubuhi moja aliamka saa 10 alfajiri, akawasha jiko, akanyoosha mkono pale kinapokaa na asikikute. Alikwenda kwa wauza chuma chakavu, akakikuta kwenye mizani, akakinunua upya kwa bei aliyotajiwa. Hakusema neno. Tangu siku hiyo alikuwa analala nacho chini ya kitanda. Nami tangu siku hiyo nilimwita mdogo wangu “huyo”, sikumtaja tena kwa jina.

Baada ya Wami, mwili wake ulipokuwa umetulia, alizungumza. Pengine ni kwa sababu tulikuwa tunatazama mbele, hatutazamani usoni. Nilimuuliza kile tulichokuwa tukimuuliza kwa makelele miaka yote, safari hii bila makelele: ilianzaje?

Baba yetu alikuwa fundi mitambo kiwandani. Miaka ya 1990 viwanda vya Tanga vilifungwa kimoja baada ya kingine, na mkonge ulikuwa umeshaanguka kabla yake. Baba akauza mkaa, akauza mitumba, akaugua, akafariki mwaka 2004. Mimi nilikuwa na miaka 18, nimeshajipangia maisha. Mdogo wangu alikuwa na miaka 15, na ndiye aliyelala chumba kimoja na baba mpaka usiku wa mwisho. Yeye ndiye aliyetuamsha. Hakuna aliyemuuliza alichokiona. Baada ya matanga tulimwambia, sasa wewe ndiye mwanaume wa nyumba.

Aliacha shule akaenda kubeba mizigo. Usiku hakuwa akilala, alisema. Akifumba macho anasikia pumzi ya baba. Mchana kazi ya kuvunja mgongo. Pale maskani vijana wenzake walikuwa wanavuta bangi, naye akavuta. Siku moja msokoto ulikuwa na unga ndani, wanauita koktel. Alijua? “Nilijua nusu,” aliniambia. “Nilitapika, halafu nikalala. Dada, nililala mpaka jua likanichoma. Ilikuwa mara ya kwanza tangu baba afe.”

Nilitazama mikonge inayopita dirishani. Kwa miaka 8 nilikuwa na jibu langu tayari: alianza kwa sababu ya marafiki wabaya. Marafiki walikuwepo, kweli. Lakini nami nilikulia mtaa uleule, na msokoto ule haukunivuta, kwa sababu sikuwa na usiku kama wake. Ugumu wa maisha, msiba usiozungumzwa, kazi inayouchosha mwili kuliko chakula kinavyoulisha, na unga unaopatikana mtaa wa pili: vyote vilikutana kwa mtoto mmoja katika mwaka mmoja. Kimoja peke yake pengine kisingemwangusha.

Na unga haukufika mtaa wa pili kwa bahati mbaya. Maua ya mpopi yalilimwa mbali, wakati huo Afghanistan zaidi ya kwingine. Shehena hupakiwa majahazini katika pwani ya Makran, upande wa Iran na Pakistan, na kuteremka kwa bahari hiihii iliyowaleta wafanyabiashara kwetu karne nyingi. Ufuko wetu ni kituo cha njiani. Sehemu kubwa ya mzigo huendelea kwenda masoko ya Ulaya na kwingineko, lakini kituo cha njiani nacho hubakiwa na makombo, na makombo hayo ndiyo kete za Tanga, Unguja, Mombasa na Malindi. Aprili 2014, miezi kadhaa baada ya safari yetu, manowari ya Australia iitwayo HMAS Darwin ilikamata jahazi karibu na pwani ya Kenya likiwa na zaidi ya tani moja ya heroini. Niliposoma habari ile nilikadiria ile tani ni misokoto mingapi, na katika kila msokoto nikamwona kijana anayelala kwa mara ya kwanza tangu baba yake afe.

Tuliingia stendi ya Ubungo, Dar es Salaam, saa 7 mchana. Sijawahi kuona watu wengi kiasi kile wakienda kila upande bila kugongana. Wapiga debe walitushika mikono, mikoba, hadi mabega. Mdogo wangu aliwatazama kwa namna ya mtu aliyekutana na ndugu zake. “Wale watatu pale,” aliniambia, “wanakula unga.” Mimi niliona vijana tu. Yeye aliona miayo.

Tulifikia Magomeni kwa mama mdogo. “Shikamoo mama mdogo.” “Marahaba wanangu, karibuni, poleni na safari.” Alitupokea kwa mikono miwili, akatupa wali na samaki, na usiku nikasikia anafunga kabati la vyombo kwa kufuli. Simlaumu. Mdogo wangu naye alisikia. Alivuta shuka juu ya kichwa.

Tulichokifuata ni methadoni, dawa ya kuwatibu watumiaji wa unga. Wakati huo nchi nzima ilikuwa na kliniki zake mbili tu, zote Dar es Salaam. Ya kwanza ilifunguliwa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Februari 2011. Ya Mwananyamala ikafuata. Nilidhani unakwenda, unaandikisha jina, unapewa dawa. Haikuwa hivyo. Unaanzia mtaani, kwenye shirika la kijamii linalowafuata watumiaji maskani, na unahudhuria vikao kwanza, ili ijulikane uko tayari na unaelewa unachokiingia.

Aliyetupokea kwenye shirika alikuwa kaka wa miaka kama 40, mikono yake ina makovu ya sindano kuanzia viwiko hadi viganja. Alikuwa mwelimishaji rika, na mwenyewe alikuwa akinywa methadoni. Nilianza kumweleza kila kitu: kikaango, kufungiwa, Handeni. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akamgeukia mdogo wangu, akamuuliza swali moja: “Ndugu yangu, saa hii unaumwa, au uko sawa?”

Mdogo wangu alinyamaza kidogo. “Naumwa,” akasema. “Lakini bado navumilia.”

“Basi tufupishe maneno, usije ukazidiwa.”

Nilikuwa dada yake kwa miaka 24 na sikuwahi kumuuliza swali hilo.

Vikao vilichukua karibu wiki 3, na katika wiki hizo nilijifunza jambo gumu kuliko yote: alikuwa bado anatumia. Alikuwa akiondoka asubuhi kwenda kupiga debe, anapata chochote, anatumia, anakuja kwenye kikao. Nilitaka nimfungie tena. Yule kaka alinieleza kwa upole kwamba ubongo una dawa yake ya asili ya kutuliza maumivu na kuleta utulivu. Mtu akimimina unga miaka mingi, ubongo huacha kujisumbua kuitengeneza kama zamani. Unga ukikatika ghafla, hakuna cha kumshikilia. Mwili mzima unauma, hata nywele. Arosto ya mwili huisha kwa wiki moja hivi. Kinachobaki ni kiu, na kiu hiyo huamka kila akipita alipokuwa akitumia, kila akikutana na aliyekuwa akitumia naye, kila akihuzunika. Ndiyo maana siku 9 za chumbani hazikutosha. Ndiyo maana Handeni alikuwa mzima, na Tanga akaangushwa katika wiki moja. Mwenye kovu usidhani kapoa, walisema wazee, na sisi tuliliona kovu tukachinja kuku.

Alinieleza pia hatari ambayo nikiikumbuka nasisimka hadi leo. Aliyekaa bila unga wiki kadhaa mwili wake umepoteza uzoefu. Akirudia kwa kipimo chake cha zamani, pumzi inaweza kukatika palepale. Siku ile mjomba alipofungua komeo, na siku ile aliporudi kutoka Handeni, tulikuwa tumemweka karibu na kaburi kuliko siku zote alizokuwa maskani. Hatukujua. Mapenzi yetu yalikuwa ya kweli, elimu haikuwepo.

Siku ya dozi ya kwanza tulifika Muhimbili mapema. Walipima mkojo kuthibitisha kwamba ni mtumiaji kweli, maana dawa hii si ya kumpa asiyeihitaji. Walimpima kifua kikuu, homa ya ini na Virusi vya Ukimwi, kwa kuwa sindano za kupokezana zimesambaza maradhi hayo miongoni mwa watumiaji, na hiyo ni sababu kubwa ya serikali kufungua kliniki. Majibu yake ni yake, siyaandiki hapa.

Foleni ilikuwa ndefu na tulivu. Nilitegemea kuona maskani. Nikaona watu waliovaa mashati ya kazini, mmoja ameshika kofia ya bodaboda, mwingine kapakata mtoto. Wanawake niliowahesabu walikuwa 5 tu. Mmoja wao alikuwa mjamzito, akaniambia wenzake wengi wanaogopa kuja kwa sababu mwanamke akijulikana anatumia, watu humwita jina baya zaidi ya teja. Muuguzi alimhakikishia mbele yangu kwamba kwa mjamzito ni salama zaidi kunywa methadoni chini ya daktari kuliko kuacha unga ghafla, maana arosto yake humtikisa na mtoto tumboni.

Kwenye dirisha, mfamasia alilinganisha uso wa mdogo wangu na picha kwenye faili. Akapima dawa ya maji kwenye kikombe kidogo, akamsogezea. Aliinywa mbele yake. Akapewa maji, akanywa. Kisha akatakiwa aseme neno, ili ijulikane amemeza kweli.

“Ahsante, dada,” alimwambia mfamasia.

Ikawa imekwisha. Dakika moja, pengine pungufu. Nilikuwa nimesubiri miaka 8 na kukata kona ya Segera kwa ajili ya dakika ile, na hakuna aliyepiga vigelegele. Tuliketi kwenye benchi tukisubiri waone mwili utaipokeaje.

Muuguzi alitueleza kwamba methadoni huingia mahali palepale ubongoni unapoingia unga, lakini huingia polepole na kukaa siku nzima au zaidi, wakati unga hudumu saa chache tu. Kwa hiyo mtu anayehangaika kutwa mara tatu au nne kutafuta kete anabaki na kazi moja tu: kufika dirishani kila siku. Saa nyingine zote zinarudi mikononi mwake. Kipimo huanza kidogo, miligramu 30 au pungufu, kisha hupandishwa taratibu, kwa sababu dawa hii hujilimbikiza mwilini na ikiharakishwa huua. Alionya sana juu ya kuichanganya na pombe au vidonge vya usingizi.

Jioni, shemeji yetu mkubwa pale Magomeni alisema neno ambalo nimeshalisikia mara nyingi tangu hapo: “Si mmembadilishia kilevi tu, mmetoa kimoja mkampa kingine?” Sikuwa na jibu. Mama mdogo ndiye aliyelipata. Alichukua pakiti ya vidonge vyake vya presha mezani, akamwonyesha. “Mimi hivi nameza kila siku, na nikiacha naanguka. Mbona huniiti mlevi?” Shirika la Afya Duniani liliiweka methadoni kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005, lakini pale sebuleni ile pakiti ya vidonge ndiyo iliyomaliza mjadala.

Siku ya nne hakurudi. Nilimsubiri hadi saa 6 usiku. Kesho yake nilimkuta kliniki, amekaa mwisho wa foleni, hataki kunitazama. Alikuwa ametumia. Nilihisi kikaango kimeibwa upya. Nilimfuata muuguzi nikitegemea amfukuze, au angalau amgombeze. Alimuuliza ni saa ngapi arosto ilimrudia. “Alfajiri, saa 9,” alijibu. Muuguzi akaandika. “Kipimo chako bado hakijafika, ndiyo maana hakikufikishi asubuhi. Umefanya vizuri kusema. Ungenificha, ningeweza kukupandishia dawa juu ya unga, nikakuua.”

Kuteleza si kuanguka. Methali hiyo naifundisha darasani kila mwaka, wanafunzi wanaiandika kwenye madaftari, naweka vema. Siku ile ndiyo niliielewa. Nyumbani kwetu ukweli ulikuwa unapigwa, kwa hiyo tulimfundisha uongo. Hapa ukweli uliandikwa kwenye faili na kumwongezea kipimo.

Methadoni si njia pekee. Vijana wengine wa Tanga walivuka bahari hadi Unguja, kwenye nyumba ambazo watu wanaziita soba, wakae miezi kadhaa bila kutumia chochote, wakifuata hatua 12 zilizotokana na vikundi vya Marekani vya watu wanaosaidiana kuacha ulevi. Wapo walionyooka kwa njia hiyo hata hawahitaji dawa. Na methadoni haimfai anayekunywa gongo au kuvuta bangi peke yake. Ni ya unga na ndugu zake. Lakini jina rasmi la nyumba zile lilinisimamisha nilipolisoma kwa mara ya kwanza kwenye karatasi pale kliniki: nyumba za upataji nafuu. Aliyelichagua neno hilo hakuandika uponaji. Aliandika nafuu, neno lilelile alilolitamka mdogo wangu baada ya Wami, akiwa na unga mwilini. Miaka yote alikuwa anatafuta kitu kilekile ambacho kliniki na soba zinakitoa. Alikitafuta penye kukiuza kwa kete, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa amemwonyesha mlango.

Likizo ilipokwisha nililazimika kurudi peke yangu. Dawa hainywewi kwa barua. Lazima awepo dirishani kila siku, na Tanga haikuwa na dirisha. Alibaki Magomeni. Mama mdogo alikuwa ameshaacha kufunga kabati, na aliliacha bila kulitangaza. Asubuhi ya safari mdogo wangu alinisindikiza Ubungo, akanibebea begi, akalipa nauli ya daladala kwa hela aliyoipata kwa kuosha magari. “Mwambie mama sijapona,” alisema. “Asije akachinja kuku. Mwambie tu nina nafuu.”

Haikuwa njia iliyonyooka baada ya hapo. Aliteleza tena mara mbili mwaka ule wa kwanza. Tulijifunza kuzungumza juu ya baba, na kikao cha kwanza cha mazungumzo hayo kilimliza mjomba kuliko wote. Miaka ilipita, kliniki zikafunguliwa Temeke na mikoani, Tanga ikiwemo, na Kenya nayo ikaanza zake mwishoni mwa 2014. Leo anakunywa dawa yake karibu na nyumbani, kisha anakwenda gereji. Kila siku anapita njia ileile, na kila siku ni lazima aipite.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni asubuhi ya kwanza niliporudi, Julai 2013. Nilimkuta mama nje ameinamia jiko, kikaango cha matundu 7 kiko motoni, mafuta yanachemka. Nilikuwa nimemweleza usiku yote niliyoyaona, naye alisikiliza bila kunikatiza. Wateja walikuja na sahani zao kama kawaida. Miaka yote walikuwa wakizungumza juu ya bei ya mchele, juu ya mvua, na hakuna aliyethubutu kumtaja mwanawe, kwa kuwa teja hatajwi mbele ya mama yake.

Jirani mmoja alinyoosha sahani. Mama alikuwa anageuza kitumbua kwa kijiti, macho yako kwenye mafuta, akasema mwenyewe, bila kuulizwa, “Mwanangu yuko Dar, Muhimbili. Anaumwa.”

Yule mama alishusha sahani yake. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama watu wanavyouliza, “Pole sana, shoga yangu. Sasa mgonjwa anaendeleaje?”

Miaka 8. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumuuliza.

Mama alikigeuza kitumbua cha mwisho, akakiweka kwenye sahani ya jirani, akaongeza na kimoja cha bure.

“Ana nafuu,” akasema.